Madoa Yametoweka, Ugonjwa Ungalipo

Dada yetu mmoja, msomaji wa kurasa hizi za familia, ametuletea swali ambalo tulidhani tungelijibu kwa mistari minne, kisha tukaona kuwa linastahili safu nzima. Watoto wake wanafuga samaki wa mapambo katika tangi la kioo sebuleni. Mwezi uliopita waliongezewa samaki wanne kutoka sokoni, na haikupita wiki tangi zima likaingia vidoa vyeupe mfano wa punje za chumvi, kila samaki na vyake. Akanunua dawa, akaitia kama chupa ilivyoelekeza, na siku ya tatu vidoa vikatoweka. Akaacha kutia dawa, watoto wakafurahi. Siku ya tisa vidoa vikarejea, safari hii vingi kuliko mwanzo, na samaki watatu wakafa kwa usiku mmoja. Anauliza: je, aliuziwa dawa ya bandia?

Hatudhani hivyo. Kwa maelezo aliyotupa, dawa ilikuwa nzima, ila iliondolewa kazini kabla ya kukutana na adui wake. Jambo hili huwapata wengi, kwa sababu mfugaji hutazama mgongo wa samaki, ilhali sehemu kubwa ya maradhi iko ndani ya maji na chini kwenye mchanga, mahali ambapo jicho halifiki. Hivyo tumeona tueleze kwa kirefu namna ugonjwa huu unavyokwenda, maana mwenye kuijua njia yake atajua pia ni lini amtilie samaki dawa na ni lini aache.

Unaitwa ugonjwa wa madoa meupe. Huletwa na kimelea cha seli moja ambacho wataalamu hukiita Ichthyophthirius multifiliis, jina alilolitoa Mfaransa Fouquet mwaka 1876. Neno la kwanza maana yake ni chawa wa samaki, na la pili ni mwenye watoto wengi. Uchawa wenyewe haupo, kwani kiumbe hiki hakina miguu wala kichwa, bali kina vinyweleo vidogo mno vya kuogelea vilivyouzunguka mwili wake wote. Lakini kwa habari ya watoto, Fouquet hakukosea hata kidogo.

Kila kidoa cheupe ni kimelea kimoja, au viwili vitatu vilivyobanana, kilichojichimbia chini ya tabaka la juu la ngozi ya samaki. Humo hujizungusha, hula chembe za mwili, na hunenepa hadi kukaribia milimita moja, ndipo jicho likakiona. Ngozi iliyowekwa imlinde samaki sasa inakilinda kimelea: dawa iliyomo majini haipenyi kukifikia. Hata ukizidisha kipimo mara tatu, utakayemuua ni samaki.

Baada ya siku chache kimelea hukomaa, kikatoboa ngozi na kutoka chenyewe bila kufukuzwa na mtu. Hapo ndipo vidoa vinapotoweka, na hapo ndipo wengi wanapofunga chupa ya dawa. Kumbe kilichotokea ni kwamba wageni wameshiba wakaondoka mezani. Kimelea kilichotoka huogelea kwa muda mfupi, kikajishikiza kwenye mchanga, jiwe, jani au kioo, kikajivika kifuko cha utelezi. Ndani ya kifuko hicho kinakuwa viwili, viwili vinakuwa vinne, vinne vinakuwa vinane, na kujigawa huko kukifika mara ya kumi, hesabu inapita elfu moja. Dawa haikipenyi kifuko hiki pia. Kisha kifuko hupasuka, na vitoto vyembamba visivyoonekana kwa macho humwagika majini kutafuta samaki. Visipompata ndani ya siku moja au mbili hivi, hufa kwa njaa.

Katika safari yote hiyo, ni hapo tu, katika saa chache za kuogelea bila ngozi ya kujifichia wala kifuko, ambapo dawa humuua mdudu huyu. Nao hawatoki wote siku moja. Wengine wangali chini ya ngozi, wengine wamo vifukoni, wengine ndio wanapasua. Kwa hiyo dawa hapana budi iwemo majini siku zote hizo, ikiwasubiri mlangoni kundi baada ya kundi. Tangi la dada yetu liliachwa wazi kuanzia siku ya tatu, na bila shaka vifuko vingi vilipasuka siku zilizofuata.

Ni siku ngapi basi? Hesabu hutegemea joto la maji. Maji yakiwa na nyuzi 25 au 26 za Selsiasi, mzunguko mzima humalizika kwa siku 3 hadi 6. Yakiwa nyuzi 15, huchukua siku 10 au hata wiki mbili, na yakishuka kufikia nyuzi 10 huweza kupita mwezi mzima. Kwa hiyo ushauri wa muuzaji wa Dar es Salaam haumfai mfugaji wa Njombe, ijapokuwa samaki ni wale wale na chupa ni ile ile. Ushauri wetu ni huu: kwa maji ya joto la pwani, endelea na tiba hadi zipite siku 10 tangu kidoa cha mwisho kutoweka. Kwa nyanda za juu, katika tangi lisilo na hita, usishuke chini ya wiki tatu. Tunajua ni muda mrefu, na watoto watauliza kila asubuhi kwa nini samaki waliokwisha pona wanaendelea kunyweshwa dawa. Waelezwe. Mtoto wa miaka minane anaielewa habari ya kifuko upesi kuliko baba yake.

Kipimajoto cha maji si ghali, na ni kitu cha kwanza ambacho tungependa kila mwenye tangi awe nacho. Cha pili ni kujua tangi linabeba lita ngapi, kwani dozi zote huhesabiwa kwa lita, na kukisia ndiko kunakoua samaki wengi kuliko maradhi yenyewe. Pima kwa sentimita urefu, upana na kina, zidisha vyote vitatu, kisha gawa kwa 1,000. Tangi la 60 kwa 30 kwa 35 linatoa lita 63. Toa nafasi ya mchanga, mawe na ile iliyoachwa juu, utabaki na lita 50 hivi. Hizo 50 ndizo za kuwekea dawa, wala si 63.

Dawa iliyo karibu na kila nyumba ni chumvi ya kawaida ya jikoni. Ile yenye madini joto haina neno kwa kipimo hiki. Gramu 2 kwa kila lita zinatosha kuanzia, na samaki wengi hustahimili gramu 3. Kwa tangi letu la lita 50 ni gramu 100, nazo zipimwe kwa mizani, hata ikibidi kumwomba muuza duka. Usiimwage juu ya samaki. Iyeyushe kwanza katika jagi la maji ya tangi, tia nusu leo na nusu kesho, ili mwili wa samaki upate kuzoea. Jambo moja husahauliwa sana: maji huvukizwa na joto, chumvi haivukizwi. Ukijaliza maji yaliyopungua kwa mvuke, usiongeze chumvi. Ukitoa ndoo ya lita 10 na kuingiza nyingine, ongeza gramu 20 tu za ile ndoo. Mimea ya majini huumia kwa chumvi, na kambale wadogo wa mapambo hawaipendi, basi kwao anza na nusu ya kipimo. Samaki aina ya moli, kinyume chake, hustawi nayo.

Joto ni msaidizi wa chumvi. Mwenye hita apandishe maji polepole, nyuzi moja kila baada ya saa kadhaa, hadi 30. Kufanya hivyo huharakisha vimelea kutoka mafichoni, na kwa joto hilo vitoto vingi hushindwa kuambukiza. Zipo aina zinazostahimili, hivyo joto lisiachwe lifanye kazi peke yake. Samaki wa dhahabu ni wa maji ya baridi, asipandishwe hadi huko. Aidha, maji ya moto hubeba hewa kidogo kuliko ya baridi, na samaki mgonjwa huwa tayari anahema kwa shida kwa kuwa kimelea hiki hupenda sana mashavu yake, yaani yale matamvua mekundu ya kupumulia. Pampu ya hewa iwake usiku na mchana. Umeme ukikatika, mtu wa nyumba ateke maji kwa kikombe na kuyamwaga humo humo kutoka juu, mara kadhaa kila baada ya dakika chache. Tunaamini kwamba katika vifo vya usiku mmoja kama vile vya dada yetu, mara nyingi samaki hukosa pumzi kabla ya kumalizwa na maradhi.

Kila siku, au kila baada ya siku mbili, futa sakafu ya tangi kwa kunyonya maji ya chini kwa mpira, robo ya tangi inatosha. Unavuta vifuko vingi kabla havijapasuka, na kazi hiyo ni dawa kwa haki yake. Maji mapya yawe yamelala wazi kwenye ndoo siku nzima ili klorini itoke, na yasiwe ya baridi kuliko ya tangini. Makaa ya chujio yatolewe, kwani hunyonya dawa na kuiacha kazi yake bure. Sponji ya chujio isioshwe bombani: humo wanaishi bakteria wema wanaogeuza uchafu wa samaki usiwe sumu, na klorini huwaua.

Dawa za dukani nyingi huwa na malakiti ya kijani, formalini, methilini ya bluu, au shaba. Zinafanya kazi, lakini kila moja ina masharti yake. Shaba huua konokono na kamba wa tangini. Methilini huua mimea na wale bakteria wema. Malakiti huwadhuru samaki wasio na magamba, nao hupewa nusu ya dozi. Formalini ni ile ile ihifadhiayo maiti, hewa yake hukereha macho na kifua, na inajulikana kuleta saratani kwa mwenye kuivuta muda mrefu. Dawa hizi ziwekwe juu, mbali na watoto, zishikwe kwa glavu, na mama mjamzito asizishughulikie kabisa. Ndoo iliyochanganyiwa dawa isirudi jikoni.

Hapa tuseme neno kwa wale wanaofuga perege au kambale wa kuliwa katika matangi ya uani. Malakiti ya kijani imepigwa marufuku kwa samaki wa chakula katika nchi za Ulaya na Marekani kwa sababu hubaki katika nyama kwa muda mrefu na inashukiwa kuleta saratani. Samaki aliyetiwa dawa ya mapambo haliwi, haguswi na paka, wala haendi sokoni. Mwenye samaki wa chakula atumie chumvi, na amwite daktari wa mifugo au bwana samaki wa wilaya. Hali kadhalika maji yaliyotiwa dawa yasimwagiwe bustani ya mchicha, na yasielekezwe kisimani wala kwenye mfereji unaokwenda mtoni.

Swali la birika nalo limewahi kutufikia. Katika nyumba za kale za Lamu ilikuwa desturi kufuga samaki wadogo ndani ya birika ili wale viluwiluwi vya mbu, na wako wanaoifuata desturi hiyo hadi leo. Samaki wa birika wakiumwa, usitie dawa yoyote humo. Ni maji ambayo mtu huyasukutua kinywani na kuyapandisha puani anapotawadha. Watoe samaki, watibiwe katika ndoo, birika likaushwe, lisuguliwe, lipigwe jua kabla ya kujazwa tena.

Si kila cheupe ni ugonjwa. Samaki wa dhahabu dume, ufikapo wakati wa kuzaana, huota vipele vyeupe vilivyopangika vizuri juu ya vifuniko vya mashavu na kwenye miiba ya mbele ya mapezi ya ubavuni. Huyo ni mzima, tena ni mzima sana, na amemwagiwa dawa bure mara nyingi. Madoa ya maradhi hayana mpango, hutapakaa mwili na mkia, na mwenye nayo hukunja mapezi na kujikwaruza kwenye mawe. Kuna pia aliyefunikwa na kitu kama pamba. Hiyo ni ukungu, ina tiba yake. Na kwa jambo moja tunawasihi wasomaji: acheni kufungua vidonge vya tetrasaiklini na amoksilini vilivyobaki kabatini na kuvimimina tangini. Antibaiotiki hazimuui mdudu huyu. Huwaua bakteria wema wa chujio, na samaki akafa kwa maji machafu siku chache baadaye.

Vimelea wengine tutawapitia upesi. Minyoo bapa wa ngozi na mashavu hawaonekani kwa macho. Dalili ni kujikwaruza na kuhema bila kidoa chochote. Dawa yao ni prazikwanteli, ile ile wanayopewa watoto shuleni kwa ajili ya kichocho, kwani minyoo hao wana undugu wa mbali na wale wa kichocho. Vidonge vya mtoto visipelekwe kwa samaki; ipo iliyotengenezwa kwa ajili yao. Aina moja ya minyoo hao hutaga mayai, na dawa haiyaui mayai, hivyo dozi hurudiwa baada ya wiki moja au zaidi kidogo, watakapokuwa wameanguliwa. Kwa habari ya yule anayening'inia ubavuni kama uzi wenye ncha mbili, ni jike la jamii ya kamba aliyekita kichwa chake nyamani. Hung'olewa kwa kibanio, jeraha likapakwa dawa ya vidonda, lakini watoto wake wamo majini na watahitaji tiba ya wiki kadhaa.

Wazazi huuliza kama watoto wanaweza kuambukizwa madoa meupe. Hawawezi, kimelea hiki hakiishi kwa mwanadamu. Bali mwenye kidonda mkononi asiuingize tangini, kwa kuwa wako bakteria wa samaki wanaoweza kuleta vinundu vigumu vya ngozi vinavyochukua miezi kupona.

Na ikiwa samaki amefika mahali pa kulala ubavu, hali wala haogelei, asiachwe siku tatu akihangaika, wala asitupwe chooni akiwa hai. Mafuta ya karafuu, yale ya Pemba, humlaza usingizi asisikie maumivu. Tikisa matone 10 hadi 15 katika chupa ndogo ya maji ya uvuguvugu mpaka yawe meupe kama maziwa, yamimine katika lita moja ya maji ya tangi, kisha muweke humo. Atalala kwanza, halafu mashavu yatatulia. Muache nusu saa baada ya hapo, ndipo azikwe.

Aliyepoteza samaki wote asikimbilie kujaza tangi wiki hiyo hiyo. Kimelea kisicho na samaki hakina chakula, na kwa joto la pwani wiki mbili za tangi tupu, pampu ikiwaka, zinatosha kukimaliza. Chujio lilishwe chembe ya chakula cha samaki kila siku mbili ili bakteria wema wasife.

Samaki wapya, hata wakiwa safi kama kioo, wakae peke yao wiki nne katika ndoo kubwa au beseni lenye pampu yake. Sababu ni kwamba samaki aliyewahi kuugua akapona hupata kinga, lakini anaweza kubaki na vimelea vichache katika mashavu bila kuonyesha kidoa, akaja kuwagawia wenzake wasio na kinga. Maji ya mfuko aliokuja nao yamwagwe nje, yasiingie tangini. Ndoo hiyo iwe na wavu wake na mpira wake, usiochovywa kwingine, na baada ya kila matumizi vyote vitundikwe juani hadi vikauke kabisa, kwani kimelea hiki hakistahimili ukavu.